Ulimi Wangu ni Mzito, na Jumapili Ninasoma Somo

Kituo changu ni Bima, pale Tabata, lakini kwa miaka mingi nilishukia Barakuda nikarudi kwa miguu. Konda akiuliza, "Bima wapo?" abiria anatakiwa ajibu upesi, "Shusha!" Neno hilo moja lilikuwa likinikwama kwenye meno, sh, sh, sh, hadi gari limepita na konda ameshaanza kuulizia kituo kingine. Siku moja nikagonga kioo kwa sarafu. Konda akanigeukia mbele ya abiria wote: "Braza, mdomo huna?" Niliposhuka shati lilikuwa limelowa, na lile halikuwa joto la Dar es Salaam.

Mwaka 2016 mwendokasi ulipoanza, nilipanda Kimara nikaenda hadi Kivukoni nikiwa sina ninachokifuata huko. Basi linasimama kituoni lenyewe, mlango unafunguka, hakuna anayekuuliza kitu. Nilikaa karibu na soko la samaki la Feri nikitazama pantoni ikivuka kwenda Kigamboni, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya basi. Mtu mwenye ulimi mwepesi hawezi kujua shukrani ya namna ile.

Nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka minne. Sasa nimepita arobaini, ni mtunza stoo katika duka moja Kariakoo, nina mke na watoto wawili, na ninamtumikia Mungu katika usharika wetu. Naandika haya kwa sababu kila mara ninaposhuka kutoka kusoma somo, kuna mtu hunifuata nje, chini ya mwarobaini, akaniuliza kwa sauti ya chini niliwezaje. Huwa namjibu kwa kifupi, maana jibu refu linanichosha kinywa. Hili ndilo jibu refu.

Kwanza kigugumizi chenyewe. Wataalamu wa usemi wanakadiria kwamba katika watu wazima 100, mmoja hivi anacho, na wanaume tuko wengi kuliko wanawake. Watoto wengi huanza kati ya miaka 2 na 5, na wengi wao kinawaacha bila tiba. Mara nyingi hufuata ukoo. Hakiletwi na woga wala upungufu wa akili; kinatokana na jinsi ubongo unavyoratibu pumzi, ulimi na midomo wakati wa kusema, kisha woga ukija unakikoleza. Bibi yangu aliamini kwamba nilitekenywa mno nikiwa mchanga, na hadi anafariki alikuwa akimlaumu mama yangu kwa hilo. Laiti ningejua mapema, ningemwambia. Mama alibeba lawama isiyo yake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Watu hudhani tunatafuta la kusema. La kusema tunalo. Neno limekaa pale mbele, unaliona, unalijua herufi kwa herufi, ila mlango haufunguki. Kwangu mimi mlango mgumu kuliko yote ni herufi B, na jina langu linaanza na B. Kwa hiyo tunajifunza kupita uani. Badala ya "bei gani" nasema "unauzaje". Badala ya "barabara" nasema "njia". Baba yangu nilimwita "mzee" tangu nikiwa darasa la tatu, naye akadhani ni adabu. Kiswahili kimenihifadhi sana kwa utajiri wake wa maneno, na kila mwenye kigugumizi ninayemfahamu ana msamiati mkubwa kuliko watu wanavyomdhania.

Ila kanisani njia ya uani imezibwa. Hapa kwetu mtu hasimami mbele ya washarika, awe anatangaza uchumba, anaomba mchango wa bati au anashukuru kwa kupona malaria, bila kuanza na "Bwana Yesu asifiwe". Ni salamu, na ni kibali cha kusema. Nikajifunza kusema "Tumsifu Yesu Kristo", watu wakaitikia "Milele, amina", nikapita. Lakini salamu unaweza kuibadili, Maandiko huwezi. Ukipewa somo lililoandikwa "Bwana akamwambia", huna ruhusa ya kusoma "Mungu akamwambia" kwa sababu midomo yako haiipendi B. Hapo ndipo nilipokimbia.

Nilikimbilia kwaya. Huko sikuwa na shida, kwa sababu mwenye kigugumizi akiimba kwa kawaida hagugumizi. Nikaimba besi kwa miaka kumi na mmoja. Nilihesabu sadaka, nilipanga viti, nilibeba maji ya ubatizo. Baada ya ibada, kwenye mnada wa ndizi na mayai ya matoleo, nilinyoosha mkono bila kutaja bei. Sizidharau kazi hizo, hata leo nikikuta viti havijapangwa napanga. Lakini dhamiri yangu ilijua kwamba sikuzichagua kwa kuitwa. Nilizichagua kwa sababu hazina maneno. Mara mbili wazee wa kanisa walikuja nyumbani wakaniomba niingie zamu ya kusoma masomo, na mara zote mbili niliwaambia wamtafute mwingine.

Halafu nikakuta maneno yangu mwenyewe kwenye Kutoka sura ya 4. "Ee Bwana, nakuomba, tuma kwa mkono wake huyo utakayemtuma." Ni Musa huyo, baada ya kwisha kusema, "mimi si mwepesi wa kusema, na ulimi wangu ni mzito." Niliisoma sura hiyo mara nyingi sana, nakiri, nikitafuta ruhusa ya kubaki nyuma. Sikuipata. Nilichokipata kilinichukua miaka kukielewa.

Najua wapo wafafanuzi wanaosema Musa hakuwa na kigugumizi, kwamba baada ya miaka mingi ya kuchunga kondoo Midiani alikuwa ameisahau lugha ya Misri. Stefano naye, katika Matendo 7:22, anamwita hodari wa maneno na matendo. Sitaki kumlazimisha Musa awe na shida yangu. Ila alichojibiwa kinanihusu vyovyote iwavyo. Mungu alimuuliza, "Ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu?" Kisha akamwahidi, "nami nitakuwa pamoja na kinywa chako." Tazama ahadi hiyo vizuri. Hakuna neno la kuponywa ndani yake. Na Musa alipozidi kukataa, hasira za Bwana zikawaka, lakini katika hasira hiyohiyo alimpa ndugu, Haruni, mzee wa miaka 83 kumsemea mdogo wake wa miaka 80.

Lipo jambo jingine, na hili naomba msomaji alifungue mwenyewe katika Biblia ya Union. Neno "mzito" linarudi mara kadhaa katika habari hiyo ya Kutoka, nami nataja mahali patatu. Sura ya 4, ulimi wa Musa ni mzito. Sura ya 7, mstari wa 14, "Moyo wa Farao ni mzito." Sura ya 17, mstari wa 12, vitani na Amaleki, mikono ya Musa ilikuwa mizito. Kiebrania nacho kinatumia shina moja la neno pote patatu, wala si ajali ya tafsiri. Sasa angalia Mungu alivyoutendea kila uzito. Moyo mzito aliushughulikia kwa mapigo kumi. Mikono mizito aliitafutia jiwe la kukalia na watu wawili wa kuitegemeza, Haruni upande huu na Huri upande huu, hata jua likachwa. Ulimi mzito aliutafutia mwenzake. Kati ya hizo tatu, ni uzito mmoja tu ulioitwa uasi, nao haukuwa wa ulimi. Mimi nilikuwa nimejilaumu miaka yote hiyo kana kwamba nina moyo wa Farao kinywani.

Na kujilaumu huko sikukuanza peke yangu. Nikiwa na miaka ishirini na tisa nilipelekwa kwenye mkesha mmoja wa maombezi. Sitataja wapi, na waliokuwepo walinipenda, hilo nalijua. Niliitwa mbele, nikapakwa mafuta, mamia ya watu wakawa wanaomba kwa sauti kuu, vipaza sauti vinanguruma, kisha mhubiri akanisogezea maiki: "Sema Bwana!" Nikasema. Sema tena! Nikasema tena, safi kabisa, na mahali pote pakalipuka kwa vigelegele. Nililia. Nilirudi nyumbani alfajiri nikamwamsha mke wangu, wakati huo hata mwaka wa ndoa hatujamaliza, nikamwita kwa jina lake bila kukwama.

Jumatatu, Kariakoo, mteja akanipigia simu. B ikafunga mlango kama kawaida.

Niliporudi kuwaeleza, niliambiwa kwamba nimeupoteza uponyaji wangu kwa kukosa imani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba mwenye kigugumizi akisema huku akizungukwa na kelele zinazomzuia asijisikie, au akisema pamoja na wengine, mara nyingi kigugumizi hupungua sana au hupotea kwa muda. Inajulikana, imepimwa. Usiku ule nilizungukwa na sauti mamia zikisema pamoja nami. Jumatatu nilikuwa peke yangu na simu.

Siandiki kupinga maombezi. Ninaamini Mungu anaponya, na nimemwona akiponya. Ninachokataa ni kumwambia mtu aliyejitolea kwa machozi kwamba ulemavu wake uliobaki ni ushahidi dhidi ya imani yake. Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake na mwiba ukabaki. Jibu lilikuwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Huyo ni mtu ambaye Wakorintho walisema nyaraka zake ni nzito, hodari, lakini akiwapo mwilini ni dhaifu na maneno yake si kitu. Hawakumwona msemaji. Nani kati yetu angethubutu kumwambia Paulo kwamba hana imani?

Aliyenitoa mafichoni ni mzee mmoja wa kanisa, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya alinishika mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi wewe si unasali Baba Yetu vizuri tu? Nakaa nyuma yako. Nakusikia."

Nikanyamaza. Ilikuwa kweli, na sikuwahi kuwaza. Sala ya Bwana inaanza na B, neno lenyewe Baba, na maishani mwangu sijawahi kukwama hapo nikiwa ibadani. Imani ya Mitume nayo hivyohivyo. Pamoja na wengine, ulimi wangu hufunguka.

"Basi tusome kama tunavyosali," akasema. "Wawili."

Kwa miezi minne tulikutana kila Jumamosi jioni katika kile chumba wanachovalia wachungaji majoho, mimi na yeye, Biblia moja katikati, tukisoma kwa pamoja. Alikuwa na sauti nzito inayokwaruza kidogo. Mwanzoni nilimfuata. Baadaye tukaenda sawa. Kisha nikaanza kumsikia akipunguza sauti katikati ya mstari, akiniacha nitembee hatua mbili tatu peke yangu, halafu anarudi, kama mtu anayemwachia mtoto baiskeli. Siku tuliyosoma kanisani mara ya kwanza tulisimama wote wawili. Wapo walionung'unika kwamba somo moja kusomwa na watu wawili si utaratibu. Mchungaji alisema maneno machache tu, kwamba Musa na Haruni waliingia kwa Farao pamoja, na habari ikaishia hapo.

Mara ya kwanza kusimama peke yangu ilikuwa Jumapili ya Majilio, mwaka uliofuata. Nilisalimia kwa "Tumsifu Yesu Kristo", nikataja kitabu na sura, nikaenda vizuri mistari miwili. Halafu Bwana. Midomo ikafungana. Nikasikia feni za darini, nikasikia bajaji inapita nje, nikasikia mtoto anauliza mama yake kitu. Nyuma kabisa mtu mwema akanisaidia kwa sauti: "Bwana!" Najua alifanya kwa huruma. Lakini mtu akikumalizia neno amekunyang'anya neno, na ukilirudia baada yake si lako tena. Yule mzee alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka. Aliinua tu mkono wake wa kulia, kiganja wazi, na kanisa zima likatulia.

Likaja. Kwa kishindo, halikupendeza, lakini lilikuja, nami nikamaliza somo. Mke wangu, ambaye huwa anatazama saa akiwa na wasiwasi, aliniambia nilikwama kwa sekunde kumi na moja. Washarika wetu walijifunza siku ile kitu ambacho wengi hawajakifahamu hadi sasa: unapozungumza na mwenye kigugumizi, usimwambie "tulia" wala "vuta pumzi". Ameshatulia kuliko wewe. Mtazame machoni na umngoje.

Kungoja ndiko kulikonipeleka kwenye utumishi ambao leo naupenda kuliko kusoma. Niliwekwa katika kikundi cha diakonia, tunaotembelea wagonjwa majumbani. Kule Kimanga kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia, na usemi ukaondoka pamoja na mkono. Ubongo ukiumia upande wa kushoto mara nyingi huwa hivyo. Lilimbakia neno "hapana" tu. Ukimuuliza kama amekula, hapana. Kama anataka maji, hapana, huku anainyooshea kidole jagi. Wageni walikuja, wakaongea juu ya kichwa chake na mkewe, wakaomba haraka, wakaacha sukari na sabuni, wakaondoka. Sikuwalaumu. Kukaa na mtu asiyeweza kujibu kunatisha kama hujazoea ukimya.

Mimi nimezoea. Nilivuta stuli nikakaa mbele yake, nikamuuliza kitu kimoja, nikangoja. Dakika nzima. Aliponitazama nilimwona mtu ninayemjua: neno lipo, mlango haufunguki. Nikamwambia, nikigugumiza kama kawaida yangu, kwamba mimi pia. Akacheka, nusu ya uso. Sijui kwa nini siku ile nilianza kuimba, labda kwa sababu nilichoka kusema. Nilianza wimbo mmoja wa zamani wa tenzi, ule unaoimbwa hata na wasiokuja kanisani, na mwalimu akaingia ubeti wa kwanza na maneno yake. Maneno kamili. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Madaktari wanalijua jambo hili, kwamba wapo waliopoteza usemi kwa kiharusi ambao bado wanaweza kuimba maneno waliyoyazoea, maana wimbo ndani ya ubongo haupiti njia ileile moja ya mazungumzo. Mimi sikujua. Tuliimba beti zote, mimi naye, na mtu angepita nje asingejua yupi mgonjwa na yupi mwenye kigugumizi. Huko St. Gallen, Uswisi, palikuwa na mtawa aitwaye Notker, aliyefariki mwaka 912, ambaye historia inamjua kwa jina la Notker Mwenye Kigugumizi. Mwenyewe alijitaja kuwa mgugumizi asiye na meno. Ndiye aliyetunga tenzi za ibada zilizoimbwa kwa karne nyingi katika Ulaya. Nilipoisoma habari yake nilimfikiria mwalimu wetu wa Kimanga.

Nilikwenda kila Alhamisi baada ya kazi kwa karibu miaka miwili. Hakupona. Alipofariki mkewe alinishika mikono yote miwili msibani akaniambia, "Baba, wewe ndiye hukumharakisha." Nimesifiwa mambo machache maishani, na hilo nalitunza.

Nisidanganye kwamba yote yamekaa sawa. Simu bado zinanitesa. Mwezi uliopita nilishindwa kutaja jina langu benki, dada wa dirishani akaniomba kitambulisho akidhani nimelisahau. Na kijana wangu wa kiume, ana miaka sita, ameanza. Kwake ni herufi K. Usiku wa kwanza nilipomsikia nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia Mungu maneno ambayo sikuyapanga. Nilimwomba amwondolee. Bado namwomba, kila siku, na najua kwamba huenda kikamwacha, kama kinavyowaacha wengi, na huenda kisimwache. Nikirudi ndani ninafanya ninachokiweza. Akianza sentensi naweka simu chini, namtazama, nangoja mpaka afike.

Jumapili ijayo nina zamu. Nimepangiwa Yeremia 1:4 hadi 10, pale kijana anapomwambia Mungu kwamba hawezi kusema, maana ni mtoto. Nimehesabu. Neno Bwana limo mara sita, la kwanza katika maneno matatu ya mwanzo: "Neno la Bwana". Mzee wangu macho yamefifia, haoni tena maandishi, lakini amesema atakaa palepale benchi la mbele. Mazoezi nafanyia nyumbani, mezani, baada ya chakula. Kijana wangu anasimama pembeni na kidole chake kwenye mstari, na nikikwama hakiondoi. Jana nilikwama mara nne kati ya sita. Alipoona nimemaliza, alirudisha kidole juu kabisa, pale panapoanza, akanitazama.